Hewa ya Nairobi si ile iliyoandikwa kwenye mwongozo wa mashine

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo limenikereketa kwa muda mrefu. Mimi ni fundi wa vifaa vinavyofanya kazi kwa mwanga. Kwa miaka 27 sasa, katika chumba kimoja cha ghorofani hapa Ngara, nimekuwa nikifungua na kufunga hadubini za zahanati na shule, mashine za wapimaji ardhi, vipimo vya sukari na asali, na siku hizi vifaa vya mafundi wa faiba. Wanaoniletea kazi hizi hawajuani. Mhudumu wa maabara akimkuta mpimaji ardhi pale kwenye benchi langu, husalimiana kwa adabu na kila mmoja akangoja zamu yake, akiamini kwamba shida iliyomleta ni ya fani yake peke yake. Mimi ninayekaa katikati yao nimeona kwamba mara nyingi shida yao ni moja. Kifaa kimeundwa kwa kuchukulia kwamba hewa, kioo, mafuta, joto au hata ngozi kitakayokutana nayo ni ya namna fulani, nasi tunakitumia mahali ambapo mambo hayako hivyo, na hakuna miongoni mwetu aliyefundishwa kuuliza.

Msingi wenyewe si mgumu. Mwanga katika ombwe husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde. Ukiingia ndani ya kitu chochote hupunguza mwendo, na kila kitu kina namba yake inayoonyesha umepungua mara ngapi: maji ni 1.33, kioo cha kawaida ni 1.5 na ushei, hewa ni 1.0003 hivi. Kwa kuwa mwendo umebadilika, mwanga unaoingia kwa mshazari hupinda, na ndiyo maana namba hiyo huitwa namba ya mpindo. Yeyote aliyesoma fizikia katika shule ya upili nchini anaikumbuka: kipande cha kioo juu ya karatasi nyeupe, pini nne, rula, kisha mistari miwili na pembe mbili za kupima. Tuliichora, tukapata alama zetu, tukaiacha palepale. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba namba ile itakuja kuamua mtaro wa maji utapita wapi, au mtoto mwenye homa ataandikiwa dawa gani.

Nianze na ardhi, kwa sababu hapo ndipo nilipofumbuka macho. Miaka kadhaa iliyopita vijana wawili waliniletea mashine ya kupimia ardhi, ile wanayoiita totali stesheni, wakitaka niikague kwa kuwa "imeanza kudanganya". Walikuwa wakipima njia ya bomba la maji, kundi moja likitokea upande huu na jingine upande ule, kila kundi na mashine yake. Kwa masafa ya kilomita 6 hivi, vipimo vyao vilipishana kwa sentimita 30 na ushei. Walikuwa wamekwisha kulaumiana kuhusu miguu ya mashine, kuhusu kijana aliyeshika prizimu, kile kioo kinachorudisha mwanga kwenye mashine, na kuhusu nani alisoma vibaya jua likiwa kali. Niliipima mashine yao kwenye mstari wangu wa majaribio na sikuiona kasoro. Ndipo nikafungua ukurasa wa mipangilio, mahali pa kuingiza joto na mgandamizo wa hewa. Palikuwa vilevile palivyotoka kiwandani.

Mashine ile hupima umbali kwa kutuma mwanga hadi kwenye prizimu na kuupokea ukirudi, ikahesabu muda uliopita. Ili kugeuza muda kuwa mita, inahitaji kujua mwanga ulikwenda kwa mwendo gani ndani ya hewa iliyopo. Kiwanda hakijui utaitumia wapi, kwa hiyo huweka hewa ya usawa wa bahari: mgandamizo wa hektopaskali 1013, joto la nyuzi 12 au 15. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni hektopaskali 830 hivi, hewa ni nyepesi zaidi, na mwanga hupita ndani yake kwa wepesi kidogo kuliko mashine inavyodhani. Pwani, hewa huchelewesha mwanga kwa sehemu 28 katika laki moja. Hapa ni sehemu 23 hivi. Tofauti ni sehemu 5 katika laki moja, jambo ambalo mtu angelipuuza, mpaka akumbuke kwamba kilomita moja ina sentimita laki moja. Mashine isiyoambiwa iko Nairobi hupunguza sentimita 5 au 6 katika kila kilomita, na kwa kilomita 6 hizo ndizo sentimita 30 na ushei zilizowagombanisha vijana wale. Kundi la pili lilikuwa limeingiza hewa ya hapa. Kundi la kwanza halikuingiza kitu.

Kuna mtego mwingine ambao nimewakuta nao hata watu wenye uzoefu. Mpimaji anayejua kwamba anapaswa kuingiza mgandamizo wa hewa hutoa simu, akafungua programu ya hali ya hewa na kusoma hektopaskali 1016 au 1018. Anaiingiza kwa moyo mweupe. Lakini namba inayotolewa kwenye taarifa za hali ya hewa huwa imerekebishwa hadi usawa wa bahari, ili wataalamu waweze kulinganisha Nairobi na Mombasa na Kisumu. Sio mgandamizo wa hapo aliposimama. Amefanya bidii na amerudi palepale penye kosa. Dawa yake ni barometa ndogo inayosoma hewa ya mahali, au kuiambia mashine mwinuko halisi na kuiacha ihesabu yenyewe, ikiwa ina uwezo huo.

Napenda niwe mkweli hapa. Kwa ploti ya futi 50 kwa 100, kosa hili ni la milimita moja au mbili, na hakuna jirani atakayegombana na mwenzake kwa sababu yake. Migogoro yetu ya mipaka ina vyanzo vingine. Lakini barabara, reli, mabomba na nyaya za umeme hazipimwi kwa futi 50. Nami najiuliza ni mara ngapi tofauti ya namna hii imefichwa kwa kusukuma namba mpaka zilingane, kwa kuwa hakuna aliyejua itokako.

Niende sasa kwenye hadubini, ambayo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ambayo hunihuzunisha pia. Kituo kimoja cha afya nje kidogo ya jiji kiliniita kuangalia hadubini sita zilizokuwa stoo. Zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari kwamba zimekufa. Nilizipanga mezani, nikaziangalia moja moja kwa tochi iliyoshikwa kwa mshazari, kwa sababu mwanga wa moja kwa moja huficha uchafu wa lenzi na ule wa mshazari huufichua. Moja ilikuwa na ukungu ndani, nyuzinyuzi kama miguu ya buibui zilizoanza kula utando wa lenzi. Hiyo kweli ilikuwa imekwisha. Mbili zilikosa balbu tu. Tatu zilizobaki zilikuwa nzima kabisa, ila lenzi ya mara 40, ambayo haipaswi kuguswa na mafuta, ilikuwa imepakwa mafuta yaliyokauka yakawa kama gundi. Mtu alikuwa ametumia lenzi ya mara 100 pamoja na mafuta, kisha akazungusha kurudi kwenye ile ya 40 bila kufuta. Dakika 20 za karatasi laini ya lenzi na spiriti kidogo, na hadubini tatu zilifufuka.

Kwa nini lenzi ya mara 100 inahitaji mafuta? Nimewauliza wahudumu wengi wa maabara, na wengi hujibu kwamba ndivyo walivyofundishwa. Jibu liko kwenye ile namba ya mpindo. Mwanga unaotoka ndani ya kioo cha sampuli kwenda hewani, ukitoka kwa pembe inayozidi nyuzi 41 hivi, hautoki kabisa; unarudishwa ndani. Ule unaopotea ndio uliobeba habari za vitu vidogo zaidi. Ukijaza nafasi hiyo kwa mafuta ambayo namba yake ni 1.515, karibu sawa na ya kioo, mwanga hauoni mpaka wowote, unapita moja kwa moja na kuingia katika lenzi. Mjerumani Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba udogo wa kitu unachoweza kukiona una kikomo, na kikomo hicho hutegemea urefu wa wimbi la mwanga na upana wa pembe ya mwanga ambao lenzi inaweza kuukusanya. Kwa mwanga wa kijani na lenzi nzuri ya mafuta, kikomo kiko chini ya robo ya maikromita, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa lenzi kavu ya mara 40 ni karibu mara mbili ya hapo. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hivi, na kimelea kichanga cha malaria kilichomo ndani yake huonekana kama pete ndogo yenye nukta. Tofauti kati ya kuiona pete ile na kuona doa tu ni tofauti kati ya matibabu na kubahatisha.

Katika kituo hicho chupa ya mafuta ya hadubini ilikuwa imekwisha kitambo, na mhudumu, mama mmoja mwenye bidii ya kazi, alikuwa akitumia mafuta ya kupikia. Simlaumu. Hakuwa na mengine, na hakuna aliyemwambia kwamba mafuta yale namba yake ni 1.47 na si 1.515. Tofauti inaonekana ndogo, lakini lenzi ya mara 100 imehesabiwa kwa mafuta ya namba ile tu, na picha ikapata ukungu mwepesi ambao yeye aliudhania ni macho yake yanayozeeka. Pia alikuwa ameishusha kondensa, ile lenzi ya chini inayoelekeza mwanga kwenye sampuli, hadi chini kabisa kwa sababu balbu mpya ilimuumiza macho. Kwa kufanya hivyo aliikata ile pembe pana ya mwanga ambayo mafuta yalikuwa yanaitafuta. Nilimwonyesha jinsi ya kuipandisha kondensa na kupunguza ukali wa taa kwa kitufe chake badala yake, na jinsi ya kupanga mwanga kwa namna ambayo Mjerumani mwingine, August Köhler, aliieleza mwaka 1893. Alipoinamia tena lenzi ya jicho alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Fundi, miaka yote hii nilikuwa naangalia kupitia pazia." Sijaisahau kauli hiyo.

Na hili la ukungu ndani ya lenzi nalo halihitaji fedha nyingi. Hadubini iliyofunikwa na mfuko wa plastiki katika chumba chenye unyevu inafugiwa ukungu. Kabati lenye balbu moja ya zamani ya kupasha joto, iliyoachwa ikiwaka usiku kucha, huiweka kavu. Taa za kisasa za LED hazifai kwa kazi hiyo, maana karibu hazitoi joto. Kwa pwani na kando ya Ziwa Victoria jambo hili ni la lazima.

Kuhusu faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, nitasema kwa ufupi. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na mwaka huohuo Charles Kao alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi aliyoichapisha mwaka 1966 akionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mwanga masafa marefu. Leo hapa Nairobi, greda la mkandarasi likikata waya, fundi huchomeka kifaa kinachotuma mpigo wa mwanga ndani ya faiba na kusubiri mwangwi wake. Ni kazi ileile ya mashine ya mpimaji ardhi, ila badala ya hewa kuna kioo, na namba ya kuingiza ni 1.468 hivi. Aliyeacha 1.46 kwa kudhani ni kitu kimoja, kwa waya wa kilomita 20, atakosea kwa zaidi ya mita 100, na vibarua watachimba lami isiyo na hatia. Zaidi ya hayo, faiba ndani ya waya imezungushwa kama kamba, na penye kila kiungo kuna mizunguko ya akiba, kwa hiyo urefu wa mwanga si urefu wa mtaro. Fundi mzuri huweka rekodi ya viungo vyake na kuhesabu kutoka kiungo kilicho karibu. Niliwahi kuwakutanisha fundi wa faiba na mpimaji ardhi karakanani kwangu, nikawaambia kila mmoja amweleze mwenziwe jinsi kifaa chake kinavyofanya kazi. Baada ya robo saa walikuwa wakibadilishana nambari za simu.

Asali nayo ina somo lake. Kikundi cha akina mama wafugaji wa nyuki kutoka Baringo kilikataliwa asali na mnunuzi aliyewafuata kijijini na kifaa kidogo cha mkononi, rifraktomita, ambacho hupima maji yaliyomo ndani ya asali kwa kuangalia mwanga umepinda kiasi gani. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 iko katika hatari ya kuchacha, na ni haki ya mnunuzi kuikataa. Kifaa kilisoma asilimia 20 na kitu. Lakini vipimo vya rifraktomita vimechorwa kwa joto la nyuzi 20. Siku hiyo, walivyonieleza, walikuwa chini ya bati mchana, na mimi nakadiria joto halikupungua nyuzi 33. Asali ikipata joto namba yake ya mpindo hushuka, na kifaa huitafsiri kushuka huko kuwa ni maji. Kwa kila nyuzi moja ya ziada huongezeka karibu sehemu moja ya kumi ya asilimia. Nyuzi 13 za ziada ni asilimia moja na zaidi, kwa hiyo asali ya asilimia 19 husomeka kama ya 20 na ushei. Vifaa vingi vinavyojirekebisha vyenyewe hufanya hivyo hadi nyuzi 30 tu, kisha huachia hapo. Waliponiletea kopo la asali hiyohiyo Nairobi, tukaipima asubuhi ya Julai yenye baridi na kuirekebisha kwa joto la chumba, ilikuwa salama. Sidhani mnunuzi alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na kifaa cha kweli na swali ambalo hakujua linapaswa kuulizwa.

Mfano wa mwisho ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu hauhusu hewa wala mafuta bali miili yetu. Wakati wa janga la korona, oksimita ya kidole iliingia hadi majumbani. Hupitisha kidoleni mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi. Damu iliyobeba oksijeni hunyonya zaidi infraredi. Iliyopungukiwa hunyonya zaidi mwekundu. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyetambua, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba kupanda na kushuka kwa mwanga kunakofuata mapigo ya moyo kunaweza kuitenga damu ya ateri na nyama, mfupa na vingine vyote. Ni wazo zuri mno. Hata hivyo, kutoka uwiano wa mianga miwili hadi asilimia inayoandikwa kwenye kioo cha kifaa, hakuna hesabu ya nadharia pekee. Kuna jedwali lililopatikana kwa kuwapima watu waliojitolea. Kwa miaka mingi wengi wa watu hao walikuwa na ngozi nyeupe. Rangi iliyo katika ngozi nyeusi hunyonya mwanga mwekundu zaidi kuliko infraredi.

Desemba 2020 ulichapishwa utafiti nchini Marekani uliolinganisha namba za kifaa na damu halisi iliyotolewa kwenye ateri. Pale kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, yaani hali isiyotisha, damu ilikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa wagonjwa Weupe. Sisemi oksimita zitupwe. Zinaokoa maisha kila siku, na muuguzi mwenye oksimita ni bora kuliko asiye nayo. Ninachosema ni kwamba swali hili lilipaswa kutoka hapa. Sisi ndio wenye ngozi hii, ndio wenye wadi zilizojaa, na elimu ya kulielewa swali lenyewe haizidi fizikia ya mwanga na uvumilivu wa kupima. Lilipotoka kwingine, sisi tulilisoma kama habari.

Yapo yanayonipa moyo. Kule Gigiri, ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha miti, kina maabara inayopima udongo kwa infraredi: sampuli inamulikwa, mwanga unaorudi unachanganuliwa, na kwa dakika chache mtaalamu anakadiria kiasi cha kaboni, udongo wa mfinyanzi na mambo mengine ambayo kwa kemikali yangechukua siku nyingi. Kilichonivutia nilipokuja kujua kazi yao ni kwamba hawakuchukua majedwali ya Ulaya wakayatumia hivyohivyo. Walikusanya udongo wa Afrika, wakaupima kwa njia zote mbili, wakajenga majedwali yao. Hicho ndicho ninachokililia katika fani nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na ninayaelekeza kwa wanaopanga elimu na kwa wanaonunua vifaa kwa fedha za umma. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na wengi wamechagua mkondo wa sayansi na uhandisi. Wapewe kipande cha kioo na pini nne kama tulivyopewa sisi, lakini wasiishie hapo. Sina shaka shule nyingi za namna hiyo zina hadubini angalau moja iliyokufa stoo. Waifungue. Wapake mafuta mawili tofauti juu ya kioo kimoja cha sampuli na waone kwa macho yao tofauti ya 1.47 na 1.515. Mwanafunzi aliyeiona hatafundishwa tena kwa nini lenzi inataka mafuta yake.

Vyuo vyetu vya kiufundi vimeugawa mwanga vipande vipande. Anayesomea upimaji ardhi hupewa kipande chake, wa maabara chake, wa mawasiliano chake, na walimu wao hawaonani. Karakana moja ya mwanga katika kila chuo kikubwa, yenye fundi wa kudumu na vifaa vya fani zote mezani, naamini ingegharimu pungufu ya hadubini mpya zinazonunuliwa kila mara kuchukua nafasi ya zile zilizokosa balbu. Kaunti zinaponunua au kupokea msaada wa kifaa, mkataba udai mwongozo wa ukarabati pamoja na ule wa matumizi, balbu za akiba, na kipimo cha uhakiki kilichofanywa mahali kifaa kitakapotumika, kwa mwinuko na joto la hapo. Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) ndilo lenye kutunza viwango vya vipimo vya nchi, na maabara zake ziko hapa South C. Natamani kila kaunti iwe na mstari wa nguzo za zege uliopimwa kwa uangalifu, ambapo mpimaji yeyote angeweza kupeleka mashine yake asubuhi moja kwa mwaka na kujua inasema kweli au la.

Karakana yangu haiingizi zaidi ya wanafunzi wanane kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mwalimu yeyote wa fizikia hapa Nairobi anayetaka kuwaleta Jumamosi asubuhi, pamoja na hadubini moja mbovu kutoka stoo ya shule yake, nitamfungulia mlango bila malipo, na mafuta ya aina zote mbili yatakuwa mezani. Nambari yangu nimekuachia, Mhariri. Naomba umpe atakayeuliza.

Fundi wa vifaa vya mwanga,
Ngara, Nairobi